Happy End, BOØWY, Flipper's Guitar au ZONE: uanze na bendi ipi ya Kijapani iliyoishi muda mfupi?

Msikilizaji anayetaka kuujua muziki wa pop na roki wa Kijapani kupitia bendi zilizodumu muda mfupi hukutana mapema na majina manne: Happy End, BOØWY, Flipper's Guitar na ZONE. Kila moja ni ya kizazi chake. Happy End ilifanya kazi yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, BOØWY ikatawala katikati ya miaka ya 1980, Flipper's Guitar ikatoa albamu zake zote kati ya 1989 na 1991, na ZONE ikang'ara mwanzoni mwa karne hii. Hakuna hata moja kati yao iliyofikisha miaka kumi, na ufupi huo ni neema kwa mgeni, kwa kuwa anaweza kuisikiliza kazi yote ya bendi tangu mwanzo hadi mwisho bila kuzama katika bahari ya albamu ishirini au thelathini. Tatizo ni kwamba bendi hizi zinatofautiana mno, na anayeanza na ile isiyomfaa anaweza kudhani kwamba muziki wa nchi nzima haumfai.

Ulinganisho huu unatumia vigezo vitano, na bendi zote nne zinapimwa kwa vigezo hivyo hivyo. Kigezo cha kwanza ni ukubwa wa kazi iliyoachwa, yaani ni albamu ngapi za kusikiliza na ipi ishikwe kwanza. Cha pili ni lugha na uzito wa maneno, kwa sababu wasomaji wengi wa makala haya hawajui Kijapani na wanahitaji kufahamu watakosa kiasi gani. Cha tatu ni sauti yenyewe: magitaa, mdundo na uimbaji. Cha nne ni namna bendi ilivyofikia mwisho, jambo ambalo kwa bendi za umri mfupi haliwezi kutenganishwa na usikilizaji, kwa kuwa albamu ya mwisho husikika tofauti kabisa ukijua iliagwa vipi. Cha tano ni njia zinazoendelea baada ya bendi kufa, kwani baadhi ya hizi zilizaa nusu ya muziki wa Kijapani uliofuata, na nyingine haikuzaa njia ndefu nje ya nyimbo zake.

Umaarufu haumo katika vigezo hivi, nami nimeuacha kwa makusudi. Bendi iliyouza sana Tokyo mwaka 1987 haimdai chochote mtu anayesikiliza leo akiwa Mombasa au Mwanza.

Ukubwa wa kazi

Happy End iliacha albamu tatu za studio. Ya kwanza ilitoka mwaka 1970 ikiwa na jina la bendi lenyewe, ingawa Wajapani wengi huiita Yudemen, kutokana na maandishi ya bango la duka la tambi yanayoonekana katika mchoro wa jalada lake. Ya pili, Kazemachi Roman, ilitoka Novemba 1971. Ya tatu, ambayo nayo ina jina la bendi, ilirekodiwa Los Angeles mwaka 1972 na kutoka mapema mwaka 1973, wakati bendi ilikuwa imekwisha kuvunjika. Anayeanza ashike Kazemachi Roman, ambayo mwaka 2007 toleo la Kijapani la jarida la Rolling Stone liliiweka nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu 100 bora za roki ya Kijapani.

BOØWY ndiyo yenye kazi nyingi zaidi: albamu sita za studio kati ya 1982 na 1987. Moral, ya kwanza, ni ya haraka na ina hasira ya punk. Kati ya hiyo na Psychopath ya mwisho bendi ilibadilika sana, kwa hiyo anayesikiliza kwa kufuata miaka atasikia vijana wakijifunza kazi yao mbele ya masikio yake. Asiye na subira aende moja kwa moja kwenye Beat Emotion ya mwaka 1986, albamu yao ya kwanza kushika nafasi ya kwanza katika chati za Oricon, orodha ya mauzo ya muziki ya Japani.

Flipper's Guitar ilitoa albamu tatu, moja kila mwaka, na zinaachana kana kwamba zimetengenezwa na bendi tatu. Ya kati, Camera Talk ya mwaka 1990, ndiyo mlango mwepesi zaidi. Kwa ZONE hesabu ni rahisi, maana albamu zao ziliitwa Z, O na N, kisha ukaja mkusanyo wa singo, yaani nyimbo zilizotolewa mojamoja, uliopewa jina la E kukamilisha tahajia ya jina lao. Kwa kawaida simshauri mtu aanze na mkusanyo, lakini kwa ZONE ninamshauri afanye hivyo, kwa sababu bendi hii ilijengwa juu ya singo, na mkusanyo wa E unaonyesha safari yao kwa uaminifu kuliko albamu yoyote kati ya zile tatu.

Lugha na maneno

Kabla ya kuzipima bendi hizi kwa maneno yake, msikilizaji wa Kiswahili ajue kwamba ana bahati ambayo Mwingereza hana. Kijapani kina irabu tano zilezile tulizonazo, silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na hata ile n inayosimama peke yake kama silabi haitamshangaza mtu anayetamka nchi na nta kila siku. Mtu akiwekewa mashairi ya Kijapani kwa herufi za Kirumi anaweza kuimba pamoja na bendi siku hiyohiyo, hata kama hajui anachokiimba. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kiasi gani cha wimbo kinabaki pale maana inapokosekana.

Kwa Happy End swali hili ni zito kuliko kwa nyingine zote, kwa kuwa bendi hii ilizaliwa ndani ya ubishi wa lugha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanamuziki wengi wa Japani waliamini kwamba roki haiwezi kuimbwa kwa Kijapani, kwamba silabi zake fupi zilizo sawasawa hazikai juu ya mdundo uliotungwa kwa ajili ya Kiingereza. Mwanamuziki Yuya Uchida, aliyekuwa akiilea bendi ya roki ya Flower Travellin' Band, alitetea wazi kwamba roki iimbwe kwa Kiingereza ili iweze kuvuka mipaka. Happy End walishika upande wa pili na kujibu kwa kazi. Mpiga drams wao, Takashi Matsumoto, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi, na mwimbaji Eiichi Ohtaki akatafuta namna ya kuyapandisha juu ya mdundo kwa kuyavuta na kuyakata maneno mahali ambapo msemaji wa kawaida asingeyakata. Katika Haru yo Koi, wimbo unaofungua albamu ya kwanza, mkato huo unasikika waziwazi: neno linaanza katika pigo moja, linaning'inia, kisha linamalizika katika pigo jingine, na gitaa la Shigeru Suzuki linajaza pengo lililobaki katikati.

Mashairi ya Matsumoto yanahusu mji. Alikulia katikati ya Tokyo na aliuona mtaa wa utoto wake ukifumuliwa kwa ajili ya barabara na majengo ya maandalizi ya Olimpiki ya mwaka 1964, na Kazemachi, ule mji wa upepo ulio katika jina la albamu ya pili, ni Tokyo ile iliyopotea ikiwa imejengwa upya ndani ya nyimbo. Reli za tramu, ukungu wa asubuhi na mikahawa isiyo na watu hupita katika mashairi hayo taratibu, bila mtu kupaza sauti. Asiyejua Kijapani atabaki na utulivu wa sauti ya Haruomi Hosono katika Kaze wo Atsumete, nao unatosha kumshika, lakini atakuwa amepata nusu tu ya bendi. Atakayetafuta tafsiri za mashairi na kuzisoma huku akisikiliza atalipwa vizuri zaidi hapa kuliko kwa bendi yoyote nyingine katika orodha hii.

BOØWY haidai hivyo. Kyosuke Himuro, mwimbaji na mwandishi mkuu wa maneno yao, alichanganya Kijapani na vipande vya Kiingereza vilivyochaguliwa kwa mlio wake, na nyimbo zao zinahusu mapenzi, ukaidi wa ujana na usiku wa mjini. Viitikio vyake vinashikika mara ya kwanza mtu anapovisikia. Ukikosa maana ya ubeti, hujapungukiwa na kitu kikubwa.

Flipper's Guitar walianza upande ambao Uchida angeupenda: albamu yao ya kwanza, iliyotoka Agosti 1989, iliimbwa yote kwa Kiingereza, kazi ya vijana waliolelewa na santuri za bendi ndogo za Uingereza. Kuanzia Camera Talk wakahamia Kijapani, na maneno yao yakawa mepesi, ya werevu, yenye marejeo mengi kwa filamu na santuri za watu wengine. Anayefahamu pop ya Uingereza na Marekani ya miaka ya 1960 hadi 1980 atayatambua marejeo hayo kwa sikio hata bila kujua lugha. Asiyeifahamu atapata nyimbo tamu, basi.

ZONE ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Maneno yao ni ya wanafunzi: kiangazi kinachoisha, rafiki anayehama, ahadi ya kukutana tena. Wimbo wao mkubwa wa Agosti 2001, secret base, unahusu watoto waliokuwa na maficho yao na wanaoagana wakiahidiana kuonana Agosti ya miaka kumi ijayo. Habari hiyo ukielezwa mara moja, umeupata wimbo mzima.

Sauti

Happy End ni bendi ya magitaa ya akustika na ya umeme yaliyosukwa kwa utulivu, iliyojifunza kwa bendi za Marekani za Buffalo Springfield na Moby Grape. Drams za Matsumoto zimekauka na ziko karibu na sikio, besi ya Hosono inatembea kwa busara, na karibu hakuna mahali ambapo mtu anajitutumua. Kwa baadhi ya wasikilizaji utulivu huo utafanana na uvivu. Ni vyema waipe albamu nafasi ya pili kabla ya kuihukumu.

BOØWY ni kinyume chake. Nyimbo ni fupi na mwendo ni wa kasi, drams za Makoto Takahashi na besi ya Tsunematsu Matsui zinapiga mapigo manane yaliyo sawa bila kuyumba, na juu yake kuna gitaa la Tomoyasu Hotei, ambalo kwa maoni yangu ndilo sababu kuu ya kuisikiliza bendi hii hadi leo. Hotei hapigi solo ndefu. Anakata kodi fupi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zenye mwangwi, anaziacha nafasi, kisha anaingiza kifungu kidogo kinachokaa kichwani kuliko hata kiitikio. Vijana wa Japani waliinunua sauti hiyo pamoja na sura yake: gitaa jeusi lililochorwa mistari myeupe ya pembe kali inayokatizana, ambalo lilinakiliwa na kuuzwa madukani. Mwaka 1985 bendi ilikwenda Berlin kurekodi albamu yake ya tatu katika studio za Hansa, kando ya Ukuta wa Berlin, chini ya mtayarishaji Masahide Sakuma, na tangu hapo sauti yao ikawa pana na safi zaidi. Anayependa muziki wa kuchezeka ulio na makali atajisikia nyumbani. Hata hivyo, mguso wa studio za miaka ya 1980 uko dhahiri kwenye drams na mwangwi, na asiyeupenda hawezi kuukwepa.

Kwa Flipper's Guitar lazima useme ni albamu gani. Ya kwanza ni magitaa mepesi ya kung'ara. Camera Talk inaongeza tarumbeta, mdundo wa bosanova na manjonjo ya muziki wa filamu. Ya tatu, Doctor Head's World Tower ya Julai 1991, imejengwa kwa vipande vilivyochukuliwa kutoka santuri za watu wengine na kuunganishwa upya, kiasi kwamba Dolphin Song, wimbo wa kufungulia, unazungumza waziwazi na bendi ya Marekani ya Beach Boys. Keigo Oyamada na Kenji Ozawa walikuwa vijana wa miaka ya mwanzo ya ishirini walipotengeneza albamu hiyo, na ujasiri wake haujachuja. Ninaipenda kuliko zile mbili zilizoitangulia, lakini simpi mgeni aanze nayo, kwa sababu uzito wake unaonekana pale mtu anapojua walikotoka.

ZONE ni pop-roki ya singo za kawaida za Kijapani za wakati ule: magitaa laini yenye kelele kidogo, kinanda, na sauti za wasichana zilizo wazi na zisizo na madoido. Msikilizaji ajue kwamba kundi hili lilianza mwaka 1999 huko Sapporo kama kundi la kucheza dansi, kisha likapewa vyombo na kuwa bendi, na kwamba singo zao kubwa zilitungwa na watunzi wa kukodiwa. Wapo wanaoona hilo ni dosari. Mimi naliona ni tofauti ya aina ya kazi, kwa sababu wimbo uliotungwa vizuri na kuimbwa na mtu wa umri unaolingana na maneno yake una ukweli wake, na secret base isingekuwa na nguvu ileile kinywani mwa mtu mzima wa miaka arobaini.

Namna zilivyovunjika

Hapa ndipo bendi hizi zinapoachana zaidi.

Happy End walikwisha kama watu waliomaliza hoja yao. Walipokwenda Los Angeles mwaka 1972 kurekodi albamu ya tatu, uamuzi wa kutengana ulikuwa umekaribia, na kila mmoja alikuwa anaangalia njia yake. Ohtaki alikuwa tayari amekwisha kutoa kazi zake binafsi. Van Dyke Parks, aliyewahi kushirikiana na Brian Wilson wa Beach Boys, aliingia studio na kushiriki katika wimbo wa mwisho wa albamu, na Lowell George wa Little Feat akapiga gitaa humo. Wimbo huo, Sayonara America, Sayonara Nippon, unaziaga nchi mbili kwa pamoja: ile waliyoipenda kupitia santuri na ile waliyozaliwa. Bendi ikavunjika rasmi mwisho wa mwaka 1972, ikafanya onyesho la kuaga Septemba 1973, na ikakusanyika tena mara moja Juni 1985 katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo. Eiichi Ohtaki alifariki Desemba 2013.

BOØWY walijiondoa wakiwa kileleni, na kisa chao kimesimuliwa Japani kwa miaka karibu arobaini. Mwaka 1987 singo yao Marionette ilishika nafasi ya kwanza, na albamu ya Psychopath ikafanya hivyo hivyo mwezi Septemba. Usiku wa tarehe 24 Desemba mwaka huohuo, katika Ukumbi wa Umma wa Shibuya, baada ya mashabiki kuwaita warudi jukwaani, Himuro aliwaambia kwa sauti iliyokuwa ikikatika kwamba bendi inavunjika. Watu waliokuwa wamekwenda kusherehekea mkesha wa Krismasi walitoka wakiwa wanalia. Aprili 1988, tarehe 4 na 5, bendi ilirudi kwa maonyesho mawili ya kuaga, Last Gigs, katika Tokyo Dome, uwanja ambao ulikuwa umefunguliwa mwezi mmoja tu uliotangulia, na tiketi zake ziliisha ndani ya dakika chache. Tangu hapo wanne hao hawajawahi kurudi kama BOØWY, ingawa maombi na fedha havijakosekana. Mwaka 2011, baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya mashariki mwa Japani, Himuro aliimba nyimbo za bendi katika Tokyo Dome kuchangia waathirika, lakini aliziimba peke yake. Anayesikiliza Psychopath akijua haya atasikia kwamba hakuna dalili ya uchovu ndani yake. Walikuwa bado wana nguvu, wakaacha.

Flipper's Guitar hawakuaga. Bendi ilikuwa imekwisha kupungua kutoka watu watano hadi wawili baada ya albamu ya kwanza, na mwishoni mwa Oktoba 1991, miezi michache baada ya Doctor Head's World Tower kutoka, ikatangazwa ghafla kwamba imekwisha, hali ziara ilikuwa imepangwa. Mashabiki waliachwa na albamu ya mwisho iliyojaa utata na hakuna neno la kuifafanua.

ZONE iliagwa kwa utaratibu wa kampuni za burudani: tangazo, mkusanyo wa singo, na onyesho la mwisho katika ukumbi wa Nippon Budokan mwaka 2005. Jambo la pekee lilikuja baadaye. Wimbo wao ulikuwa umeahidi Agosti ya miaka kumi ijayo, na mwaka 2011, miaka kumi baada ya wimbo kutoka, baadhi ya wanachama waliungana tena kwa muda. Mwaka huohuo secret base ilirekodiwa upya na waigizaji wa sauti watatu kwa ajili ya katuni ya Anohana, na kwa njia hiyo ikawafikia watazamaji wa nje ya Japani ambao hawakuwahi kusikia jina la ZONE. Wapenzi wengi wa anime wa Afrika Mashariki wameupokea wimbo huu kutoka huko, na huenda wakashangaa kwamba rekodi ya asili ina mwendo mkavu zaidi na machozi machache.

Njia zinazoendelea baada yake

Happy End ni njia panda. Hosono na Suzuki waliunda kundi la kusindikiza lililopiga katika albamu ya kwanza ya mwimbaji Yumi Arai mwaka 1973. Hosono baadaye akaanzisha kundi la muziki wa elektroniki la Yellow Magic Orchestra mwaka 1978 pamoja na Ryuichi Sakamoto na Yukihiro Takahashi. Ohtaki akatoa A Long Vacation mwaka 1981. Na Matsumoto akaweka chini vijiti vya drams akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa maneno ya nyimbo za pop, akiwaandikia nyota kama Seiko Matsuda. Anayeanza na Happy End amejipatia ramani ya miaka kumi na zaidi ya muziki wa Kijapani.

Kwa BOØWY njia ni mbili kubwa: kazi binafsi za Himuro, na za Hotei, ambaye wengi wanamjua bila kujua kwamba wanamjua, kwa sababu wimbo wake wa ala tupu ulitumika katika filamu ya Kill Bill ya mwaka 2003. Hotei pia aliunda Complex pamoja na Koji Kikkawa, kundi jingine la umri mfupi.

Kwa Flipper's Guitar, Oyamada akawa Cornelius, ambaye Fantasma yake ya mwaka 1997 ilifika Marekani na Ulaya, na Ozawa akatoa Life mwaka 1994, albamu yenye furaha nyingi iliyo mbali kabisa na mwenzake. Msomaji ajue pia kwamba Oyamada alijiuzulu kazi ya kutunga muziki wa ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, baada ya mahojiano yake ya miaka ya 1990 kuhusu kuwatesa wanafunzi wenzake, wakiwamo wenye ulemavu, kuibuka tena, naye akaomba radhi. Ni haki ya kila msikilizaji kuamua jambo hilo lina uzito gani kwake kabla ya kununua albamu.

ZONE haina njia ndefu ya namna hii. Urithi wake ni wimbo wenyewe, unaoendelea kuimbwa na watu wengine.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa una jioni moja tu na unataka kujua kama muziki huu una nafasi kwako, sikiliza singo za ZONE kisha Beat Emotion ya BOØWY. Ukivutiwa na ya kwanza kuliko ya pili, unapenda sauti na hadithi. Ukivutiwa na ya pili, unapenda magitaa na mwendo, na uende mbele hadi Psychopath kisha rekodi za Last Gigs.

Ikiwa wewe ni msomaji wa mashairi, au unajifunza Kijapani, anza na Kazemachi Roman ukiwa na tafsiri mkononi, kisha urudi Yudemen. Albamu ya tatu iache hadi mwisho, kwa kuwa inadai uwe umekwisha kuwazoea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye msamiati wake bado ni mdogo atafaidika zaidi na ZONE, kisha aje Happy End baada ya mwaka.

Ikiwa unapiga gitaa, hasa katika bendi yenye gitaa moja tu, chagua BOØWY. Hotei anafundisha namna mtu mmoja anavyoweza kujaza nafasi bila kupiga noti nyingi. Ikiwa unatengeneza muziki kwa kompyuta na vipande vya rekodi za zamani, Flipper's Guitar ndiyo shule yako, ila zifuate albamu tatu kwa mpangilio wa miaka.

Ikiwa umetoka katika anime na unautaka wimbo ulioupenda, usiishie kwenye singo hiyo moja. Chukua mkusanyo wa E wote. Na ikiwa unachagua kwa ajili ya safari ndefu ya basi pamoja na watu wengine wasioujua muziki huu, weka Camera Talk, kwa kuwa ina mabadiliko mengi na haimchoshi mtu, halafu BOØWY gari likishaingia barabara nzuri. Happy End ibaki ya kusikiliza peke yako, kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu katika kelele za barabarani besi ya Hosono hupotea, na bila besi hiyo nyimbo zao hubaki nusu.